Mashine Isiyoamka Yenyewe

Kwenye zahanati yetu ya Kiseke kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuruhusiwa kuugua, kusafiri wala kufiwa, naye alikuwa mama wa mapokezi. Mganga mfawidhi aliweza kwenda semina wiki nzima na dunia ikaendelea kuzunguka. Mimi mtunza stoo niliwahi kulala siku nne na malaria, nikarudi nikakuta hakuna aliyenitafuta, hata panadoli zilikuwa zimejigawa zenyewe. Lakini mama wa mapokezi akichelewa dakika kumi, zahanati ilisimama kama gari lililoishiwa mafuta katikati ya mlima.

Sababu ilikuwa mashine. Ilikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma cheupe kama bibi harusi. Feni yake ilikuwa na kelele ambazo ninaamini mpaka leo zilisikika Ukerewe upepo ukiwa mzuri. Humo ndani ndimo yalimokuwa mafaili yote ya wagonjwa: nani ana presha, nani ana mzio wa dawa gani, mtoto gani kapata chanjo ipi na bado ipi. Mafaili ya karatasi mchwa waliyamaliza zamani, wakabakiza majalada kwa heshima.

Sasa mashine hiyo ilikuwa na tabia moja. Umeme ukikatika ilizima, maana betri yake ya akiba ilikuwa imekufa siku nyingi. Umeme ukirudi iliwaka, ikawasha taa ya kijani, ikavuma feni, halafu basi. Ilikaa hivyo imekodoa macho, haifanyi kazi yoyote, inasubiri mtu aje aiandikie amri tatu kwa mpangilio. Ya kwanza iliwasha programu inayotunza mafaili, ambayo mama aliipa jina la kabati. Ya pili iliwasha programu ya kuwaandikisha wagonjwa, akaiita kaunta. Ya tatu iliwasha printa, na printa yeye aliiita printa.

Fundi aliyeifunga alihamia Dodoma na simu yake haikupatikana tena. Kabla ya kuondoka aliwafundisha watu wa zahanati amri zile tatu, na ninaposema watu namaanisha mama peke yake, kwa sababu ndiye aliyempelekea chai. Mama hakuziandika popote. Alizikariri kama mtu anavyokariri sala. Umeme ukikatika Jumapili yuko kanisani, ulimtoa kanisani. Ukikatika yuko msibani, alikuja na kanga zake za msiba akaiamsha mashine, akarudi kulia.

Mwaka mmoja nyuma binti yake mkubwa alijifungua Geita. Kwetu huku mama ndiye anayekwenda kumkanda binti yake kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha mtoto mpaka kitovu kidondoke na binti asimame vizuri. Mama alipewa siku mbili. Alifika, akambeba mjukuu, akakuta mama mkwe ndiye anayekanda, akageuza. Hakulalamika mbele ya mtu, ila siku aliporudi nilimwona ameketi nyuma ya mashine ile anaitazama kama mtu anavyomtazama mke mwenza.

Sasa binti wa pili, aliyeolewa Nansio, kisiwani Ukerewe, alikuwa amefikisha miezi yake. Mama akaingia kwa mganga mfawidhi, nami nilikuwemo humo nikimsainisha vitabu vya stoo.

"Shikamoo mama," Daktari akasema, maana alikuwa mdogo kwake kwa umri ingawa ndiye bosi.

"Marahaba baba. Nimekuja kuomba likizo yangu. Ya mwaka huu na ile ya mwaka jana, na ile ya mwaka ule mwingine."

"Mama, mimi sikatai. Niambie tu kitu kimoja. Jumanne umeme ukikatika, nafanyaje?"

"Jumanne nani kakwambia utakatika?"

"Mama!"

"Sawa, utakatika. Binti yangu naye mtoto atatoka. Nimwambie asubiri umeme?"

Daktari alishika kichwa. Hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema kwa moyo mweupe. Aliwahi kumchoma mtoto chanjo ambayo alishachomwa, kwa sababu mashine ilikuwa imelala na kadi imepotea. Mtoto hakupata tatizo, lakini Daktari hakulisahau. Kila akimwona mtoto yule anapita barabarani alimchunguza kuanzia kisigino mpaka utosi.

Ndipo mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Niachieni mimi hiyo kazi. Mashine inaweza kufundishwa kuamka yenyewe."

Hapa inabidi nijieleze. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na moja, shule ya jioni, na baada ya hapo nikasoma cheti cha kompyuta, jioni vilevile, kule Butimba. Darasani tulikuwa na kompyuta moja, kwa hiyo mwalimu alituchorea nyingine ubaoni, vitufe vyote, nasi tukajifunza kuchapa kwa kugonga madawati. Nilikuwa na kasi ya ajabu kwenye dawati. Pale ofisini nilikuwa nimewaambia nilikuwa wa kwanza darasani. Nilikuwa wa tatu. Tulimaliza watano.

Ila jambo moja nililishika vizuri kuliko kawaida ya kichwa changu. Mashine yetu ilikuwa ya ukoo wa Unix, na kompyuta za ukoo huo zikiwaka, kuna programu moja inayoamka kabla ya nyingine zote. Namba yake ni moja, na kazi yake ni kuwaamsha wenzake. Ni kama mama mwenye nyumba alfajiri: wewe amka, wewe chota maji, wewe subiri mwenzako amalize kwanza. Unachofanya ni kumwachia namba moja kikaratasi, yaani faili dogo, kinachosema fulani aamshwe, aamshwe baada ya nani, na akianguka ainuliwe. Fundi wetu hakuacha kikaratasi. Namba moja aliamka kila siku, akaangalia huku na huku, hakuona agizo lolote kuhusu kabati wala kaunta, akakaa kimya. Sisi kumbe tulikuwa tunamlaumu bure.

Nikakaa na mama mchana, wagonjwa wakiwa wameisha. Yeye anasema, mimi naandika kwenye daftari.

"Hapa unaandika hivi. Unabonyeza ile kubwa. Halafu hivi. Unabonyeza. Halafu hivi, unabonyeza. Umemaliza."

"Basi?"

"Ulitaka nini zaidi, ngoma?"

Nikaandika vikaratasi vitatu. Cha kabati, cha kaunta kinachosema aamshwe baada ya kabati, na cha printa kinachosema aamshwe baada ya kaunta. Nikavijaribu. Niliizima kaunta, nikamwagiza namba moja aiamshe. Ikaamka. Nikaizima tena, ikaamka tena. Nilirudia mara elfu moja, au tuseme thelathini, na mara zote iliamka kabla sijapumua. Mama alipiga makofi. Nilitembea siku ile kama mtu aliyegundua maji.

Nikamwambia Daktari, sasa tuizime mashine yenyewe, nzima nzima, tuiwashe tuone.

"Hapana."

Kwenye mashine kulikuwa na karatasi iliyobandikwa na yeye mwenyewe, HAIZIMWI, kwa herufi ambazo ungeweza kuzisoma ukiwa Buhongwa. Pale kwetu ilikuwa sheria: umeme una ruhusa ya kuizima, binadamu hana.

"Na isipoamka?" akaniuliza. "Kesho nina kliniki ya watoto."

Ningeweza kubisha. Ukweli ni kwamba nilishukuru kimoyomoyo, kwa sababu na mimi niliogopa. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba imejaribiwa vya kutosha, watu wazima wawili, mmoja na shahada na mwingine na cheti cha jioni.

Daktari akasaini likizo, siku zote ishirini na nane. Akamwangalia mama.

"Lakini tuelewane. Siku mashine ikikwama, unarudi na meli ya kwanza."

"Haitakwama," nikasema mimi.

"Sijakuuliza wewe," akasema Daktari.

Mama aliondoka Alhamisi asubuhi. Alipita kuaga akiwa na begi, mfuko wa unga wa ulezi na kanga mpya ambazo hazijafuliwa. Meli ya Ukerewe ilikuwa iondoke saa tatu. Saa mbili na dakika chache, foleni ya wamama na watoto imeshajaa mabenchi na kumwagikia barazani, umeme ukakatika.

Ulikuwa umekaa siku tano mfululizo bila kutingishika, nami siku zote hizo nilizihesabu kuwa ni sifa zangu.

Ukarudi baada ya dakika kumi. Feni ikavuma. Taa ya kijani. Nikavuta kiti, nikakaa kwa mbwembwe, nikasubiri kaunta itokee kwenye kioo. Haikutokea. Nikasubiri tena. Nikafungua kumbukumbu za namba moja, na humo nikakuta ameandika, kwa utulivu wa karani, kwamba ameiamsha kaunta mara tano, imeanguka mara tano, ameacha.

Nikachukua daftari langu nikaandika amri za mama kwa mkono. Kaunta ikakataa. Nikaandika tena. Ikakataa. Nikasema labda ni kabati lina hitilafu, nikalizima kabati nikaliwasha upya, nikaita kaunta. Ikakataa. Nikalizima kabati tena nikaliwasha tena. Jasho lililonitoka lingetosha kujaza ziwa wakati wa kiangazi.

Nyuma yangu mama mmoja mwenye mapacha alikuwa anasema kwa sauti, "Yule mama wa siku zote yuko wapi? Huyu kaka anapiga tu piano."

"Anajifunza," mwenzake akamjibu. "Mwacheni, ataweza akizeeka."

Daktari akaja akasimama mlangoni. Alikuwa na kadi ya chanjo mkononi, imeloa maji, haisomeki hata tarehe. Hakupandisha sauti, na ni afadhali angepandisha.

"Mpigie arudi. Meli haijaondoka."

Nilimpigia. Iliita mara mbili akapokea, nyuma yake kuna kelele za watu wa bandarini, mtu anauza mikate, mwingine anagombana kuhusu kuku.

"Baba, kwema huko? Ndio tunaanza kupanda."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme rudi. Nikasema kitu kingine.

"Mama, umeme ukirudi, ukishaandika ile amri ya kwanza, unafanya nini?"

"Naandika ya pili."

"Hapo hapo? Huinuki?"

"Ah, nainuka. Nawasalimia watu."

"Watu gani?"

"Si foleni! Naanza benchi la mbele, namsalimia mmoja mmoja. Wa Kisukuma nawaambia mwangaluka, Wakerewe wenzangu nawauliza habari za kisiwani, wale wazee nawapa shikamoo yao, watoto nawashika mashavu. Mpaka mlangoni kwenye mzani. Halafu nikirudi naandika ya pili. Yule fundi aliniambia umeme ukikatika ghafla kabati huwa linaamka limechanganyikiwa, linakagua mafaili yake yote kwanza, liache lipumue. Sasa mimi nikae nalikodolea macho la nini? Nikawa nasalimia."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nabonyeza nini. Kusalimia nabonyeza wapi?"

Yote yalinijia kwa pamoja. Nilimwambia namba moja aamshe kaunta baada ya kabati, naye alifanya hivyo hivyo kama nilivyomwambia: alimgonga kabati begani, amka, na papo hapo akamgonga kaunta. Hakusubiri kabati livae viatu. Kaunta ilikwenda kabatini ikakuta mlango umefungwa, ikaanguka, ikainuliwa, ikaanguka, mara tano ndani ya muda wa kupiga chafya. Siku zile nilipojaribu mara elfu zangu, kabati lilikuwa macho muda wote, kwa sababu hatukuthubutu kuizima mashine. Na asubuhi hii, kila nilipolizima na kuliwasha upya, nililirudisha mwanzo wa ukaguzi wake. Mimi ndiye niliyekuwa nalizuia lisimalize.

Meli ikapiga honi kwenye simu.

"Imekwama, eh?" mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nirudi? Begi langu bado niko nalo mkononi."

Daktari alikuwa amenyoosha mkono anataka simu.

"Panda, mama," nikasema, nikakata.

Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini kukata simu ambayo mkuu wangu wa kazi ameinyooshea mkono hakukuwa na mpinzani.

"Tulikubaliana ikikwama anarudi," akasema polepole.

"Haijakwama, Daktari. Inajikagua. Tumpe kabati muda."

"Muda gani?"

"Mpaka tuwasalimie wote."

Alinitazama kama anatafuta dawa ya kuniandikia. Kisha akageuka akaenda benchi la mbele, na mimi nikaanzia la nyuma. Niliwasalimia wamama wale kila mmoja, nikashika mashavu ya watoto mpaka wengine wakalia. Yule wa mapacha akaniuliza, "Umeacha piano?" Nikamwambia nimeacha. Tulikutana na Daktari kwenye mzani, tukarudi pamoja. Nikaandika amri ya pili, mara moja tu. Kaunta ikafunguka. Nikaandika ya tatu, printa ikakohoa, ikatema karatasi yake.

Foleni ilipoisha, Daktari alikuja chumba cha nyuma. Nilikuwa nimeshaandika upya kikaratasi cha kaunta. Safari hii niliweka amri ndogo kabla yake: muulize kabati kama yuko tayari, akisema bado, subiri sekunde mbili, muulize tena, usichoke mpaka aseme ndiyo.

"Nisikilize vizuri," Daktari akasema. "Nataka kuiona ikiamka yenyewe, sasa hivi, mbele yangu. Ikiamka, mama abaki huko siku zake zote. Isipoamka, kesho asubuhi anageuza, na wewe ndiye utakayempigia."

"Basi niizime taratibu, kwa amri yake ya..."

"Umeme huwa unabisha hodi?"

Akabandua ile karatasi ya HAIZIMWI. Akatoa kitambaa cha kufuma, akakikunja mara nne kama shuka la hospitali. Akashika waya, akaung'oa ukutani.

Feni ikanyamaza. Sikuwahi kusikia kimya kama kile, hata magari ya barabara ya Kiseke nadhani yalisimama. Akahesabu mpaka kumi, akauchomeka.

Feni ikavuma. Taa ya kijani. Maandishi meupe yakashuka kwenye kioo, mstari juu ya mstari. Kabati likaanza kujikagua. Kaunta ikauliza. Bado. Ikauliza. Bado. Daktari alikuwa ameweka mkono begani kwangu na alikuwa ananikamua bila kujua. Bado. Bado. Nilitamani kugusa kitu, kitufe chochote, nikaikalia mikono yangu. Ilipita dakika moja, ikapita ya pili, mimi ndani yake nilizeeka, nikaoa, nikastaafu. Kisha kabati likasema ndiyo. Kaunta ikafunguka. Na chumba cha pili printa ikakohoa peke yake, hakuna mtu aliyeigusa.

Daktari alitoa mkono begani kwangu. Alirudi ofisini kwake, na baada ya muda nikamsikia anacheka mwenyewe na mlango umefungwa.

Umeme ulikatika tena Ijumaa, ukakatika Jumamosi mara mbili. Mara zote nilikimbia kutoka stoo, na mara zote nilikuta kaunta imeshafunguka na mtu wa zamu anaandikisha mgonjwa, ananiuliza nakimbilia nini.

Jumatatu mama akapiga simu. Nilikuwa nimeiandaa hadithi yangu siku tatu, na ilikuwa imenenepa vizuri: ndani yake sasa kulikuwa na cheche, moshi, na Daktari akipiga magoti. Nikafunga mlango wa stoo, nikakalia boksi la glavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wa kike! Juzi usiku. Kilo tatu na nusu, nywele mpaka hapa, nimemwogesha mwenyewe asubuhi, hajalia, ananitazama tu. Mama yake namkanda mara mbili, anapiga kelele kama nachinja, nimemwambia utanishukuru. Mama mkwe kaja na uji wake, nimemwambia ahsante, weka pale."

"Hongera mama! Sasa ile mashine, Alhamisi..."

"Ngoja, ngoja baba, maji yamechemka yanamwagika," akasema, na nikasikia anaita mtu amletee kanga, na mtoto anaanza kulia, na simu ikakatika.

Hakupiga tena mpaka likizo yake ilipoisha.